Taka Nje ya Sebule: Tamthilia ya Televisheni na Uchafuzi wa Mazingira Dar es Salaam

Mbinu ya kuelimisha umma kwa tamthilia ya mfululizo ilizaliwa katika televisheni ya Meksiko, ambako Miguel Sabido aliiasisi katika miaka ya 1970. Tanzania iliipokea kupitia redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, iliyohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika Mkwaju, dereva wa lori, hakusimama kuhubiriwa. Wasikilizaji walimfuata kipindi hadi kipindi, mpaka mwenendo wake ukamfikisha kwenye maradhi.

Mwaka uliofuata ITV ilianza matangazo, na baadaye maigizo ya makundi kama Kaole yakapata watazamaji wengi. Dhamira zake zilitawaliwa na mapenzi, ndoa na migogoro ya familia. Mandhari yake kuu ikawa sebule. Hata Siri ya Mtungi ya mwaka 2012, iliyotungwa kwa lengo la kuelimisha, ilijikita katika afya na mahusiano. Taka zilizotoka sebuleni humo hazikufuatwa zilikokwenda.

Zilikokwenda kunajulikana. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walishinda katika Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji, wakilalamikia moshi, harufu na nzi wa dampo. Utupaji uliendelea hadi mwaka 1991, Jaji Lugakingira alipokataa kuongeza muda, akizingatia haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Dampo likahamia Vingunguti, kisha Mtoni huko Temeke, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Adha haikuisha, ilibadilisha majirani.

Kisa hiki kina umbo la mfululizo: suluhisho la mtaa mmoja ni mwanzo wa mgogoro wa mwingine. Hukumu hushughulikia wadaawa waliofika mahakamani. Tamthilia, kwa upande wake, inaweza kuunganisha mfuko unaotolewa sebuleni na moshi unaomkosesha usingizi mtu asiyejulikana. Katika kitongoji kinachopanuka kama Kibamba, kandokando ya Barabara ya Morogoro, mhusika anayefaa kubadilika si lazima awe mwenye kiwanda. Anaweza kuwa mama mwenye nyumba anayechoma taka uani, au kijana anayezimwaga mferejini mvua inaponyesha.

Hata hivyo, mfano wa Mkwaju una mpaka wake. Yeye angeweza kubadili mwenendo kwa uamuzi wake. Mkazi asiyefikiwa na gari la taka hana uhuru huo. Tamthilia inayomlaumu huyo peke yake humwelimisha kuhusu kosa lisilo lake lote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Kwa hiyo, mhusika huyo hana budi kutoka sebuleni, apite uani, afike ofisi ya serikali ya mtaa na kudai huduma. Wakazi wa Tabata walikwishaiigiza sehemu hiyo, bila kamera.