Vyombo Vilivyochanjwa Ukutani: Grafiti za Kale za Pwani ya Waswahili

Grafiti, yaani michoro na maandishi ambayo watu huyaweka ukutani kwa hiari yao, nje ya mapambo rasmi ya jengo, huhusishwa mno na rangi za kupuliza na miji mikubwa ya karne ya 20, ilhali katika pwani ya Afrika Mashariki desturi hiyo ilikuwapo tangu zama za majumba ya mawe. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Gedi zimo kuta zilizochanjwa picha za vyombo vya baharini, na huko Gedi nyumba moja imepewa jina la jahazi kwa sababu ya mchoro wa namna hiyo.

Ujenzi wenyewe ndio uliowapa wachoraji nafasi. Kuta za mawe ya matumbawe zilipigwa lipu ya chokaa, ambayo nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na lipu hiyo nyeupe ilikubali ncha ya kisu au ya msumari. Kwa mistari michache mchoraji alionyesha mlingoti, kamba na tanga, mara nyingine kwa usahihi unaodhihirisha mkono uliozoea kazi za chomboni. Miongoni mwa vyombo hivyo umo mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, na ambao ulisafiri kwa tanga la mraba lililosukwa kama mkeka. Kwa kuwa mitepe ilitoweka baharini katika karne ya 20, thamani ya michoro hii ni kubwa mno, na watafiti Peter na Margaret Garlake, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1964, waliitumia kutambua aina za vyombo vya kale.

Tarikhi ya Kilwa, yaani historia iliyoandikwa ya mji huo, huhesabu masultani na kusimulia utawala wao. Lakini anayetaka kujua jinsi watu wa kawaida wa miji hiyo walivyoitazama bahari hana budi kuzisoma kuta.

Wageni nao walichora. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, walinzi wa Kireno walitumia makaa na udongo mwekundu kuchora merikebu, watu, samaki na hata kinyonga, mnyama ambaye bila shaka walikutana naye nchi kavu, si baharini.