HomePod

HomePod ni spika mahiri ya nyumbani inayotengenezwa na kampuni ya Apple ya Marekani. Hupokea muziki na vipindi kwa mtandao wa Wi-Fi, na huongozwa kwa kusemeshwa, kwa kuguswa sehemu yake ya juu au kwa kutumia simu ya iPhone. Ilitangazwa tarehe 5 Juni 2017 na kuanza kuuzwa tarehe 9 Februari 2018 kwa bei ya dola za Marekani 349. Kizazi cha kwanza kiliondolewa sokoni mwaka 2021, na kizazi cha pili kilitoka mwaka 2023.

Spika hii imesifiwa kwa sauti yake na kulaumiwa kwa masharti yake. Haina tundu la kuchomekea waya wa sauti, wala haipokei muziki wa Bluetooth kutoka kwenye simu kama zifanyavyo spika nyingine nyingi. Kwa hiyo kuitathmini kwa usikilizaji wa kila siku ni kutazama mambo mawili kwa pamoja: jinsi inavyosikika, na vitu ambavyo ni lazima viwepo nyumbani ndipo isikike.

Historia

HomePod haikuwa spika ya kwanza ya Apple kwa ajili ya sebule. Mnamo Februari 2006 kampuni hiyo ilitoa iPod Hi-Fi, iliyouzwa pia kwa dola 349. Juu yake palikuwa na nafasi ya kupachika iPod, na nyuma palikuwa na tundu la waya lililoruhusu kuunganisha chombo chochote cha muziki. Iliweza kutumia umeme wa ukutani au betri sita kubwa za aina ya D. Haikupata wanunuzi wa kutosha, na iliondolewa sokoni mnamo Septemba 2007.

Miaka kumi baadaye soko lilikuwa limebadilika. Amazon ilitangaza spika yake ya Echo mwishoni mwa mwaka 2014, na Google ikafuata na Google Home mwaka 2016. Spika hizo ziliuzwa zaidi kama wasaidizi wa kuongea nao kuliko kama vyombo vya muziki. Apple ilichukua njia tofauti: ilipoitangaza HomePod ilitanguliza ubora wa sauti, na msaidizi wake, Siri, akafuata nyuma. Spika ilitarajiwa kutoka Desemba 2017, lakini ikacheleweshwa hadi Februari 2018, ilipoanza kuuzwa Marekani, Uingereza na Australia. Mwezi Juni mwaka huohuo ilifika Kanada, Ufaransa na Ujerumani.

Mnamo Aprili 2019 bei ilishushwa hadi dola 299. Mnamo Novemba 2020 ilitoka spika ndogo zaidi, HomePod mini, kwa dola 99. Machi 2021 Apple ilitangaza kuacha kutengeneza HomePod kubwa na kubaki na ile ndogo. Kizazi cha pili cha HomePod kubwa kilitangazwa tarehe 18 Januari 2023 na kuanza kuuzwa tarehe 3 Februari 2023 kwa dola 299.

Umbo na vifaa vya ndani

HomePod ina umbo la mviringo kama mtungi mfupi, nayo imefunikwa kwa kitambaa chenye matundu. Kizazi cha kwanza kina kimo cha milimita 172, upana wa milimita 142 na uzito wa kilogramu 2.5. Ndani yake mna spika moja ya besi ya inchi 4 inayotazama juu, na spika ndogo saba za sauti nyembamba zilizopangwa kwa duara sehemu ya chini. Kila spika ndogo ina amplifaya yake. Mna pia maikrofoni sita za kusikia amri, maikrofoni moja ya kupima besi, na kichakataji cha A8, ambacho ndicho kilichotumika katika simu ya iPhone 6 ya mwaka 2014.

Kizazi cha pili kina kimo cha milimita 168 na uzito wa kilogramu 2.3. Spika ndogo zimepunguzwa hadi tano na maikrofoni za amri hadi nne. Kichakataji chake ni S7, na kimeongezewa kipimo cha joto na unyevu wa chumba. Waya wake wa umeme unaweza kuchomolewa kwenye spika.

Jinsi sauti inavyotengenezwa

Mpangilio wa spika hizo unaeleweka vizuri kwa kurejea somo la mawimbi. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi la hezi 50, ambalo ni besi nzito, lina urefu wa karibu mita 7. Wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4 tu. Wimbi refu hupinda na kuzunguka vitu, hivyo besi husambaa chumba kizima bila kujali spika imeelekea wapi. Wimbi fupi huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na mtu aliyekaa pembeni hulikosa. Ndiyo sababu spika moja ya besi inatosha, ilhali za sauti nyembamba zinapaswa kutazama pande zote.

Kuta nazo zina sehemu yake. Spika ikiwekwa karibu na ukuta, besi hurudishwa na ukuta na kuongezeka. Ikiwekwa kwenye kona huongezeka zaidi, hata maneno ya mwimbaji yakafunikwa na mvumo. Kwa spika ya kawaida dawa yake ni kuisogeza. HomePod husikiliza sauti yake yenyewe kwa maikrofoni zake, hukadiria mahali kuta zilipo, kisha hupunguza au kuongeza besi na kugawa sauti kwa spika zake ndogo. Ikihamishwa, hutambua kwamba imesogezwa na kupima upya.

Jambo la tatu linahusu sikio lenyewe. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu hudhoofika katika kusikia besi sauti inapokuwa ya chini. Kwa hiyo muziki ukipunguzwa, besi huonekana kutoweka kabla ya sauti nyingine. Spika inayorekebisha besi kulingana na kiwango cha sauti huupa muziki ujazo hata usiku, watu wengine wakiwa wamelala. Kwa usikilizaji wa kila siku uwezo huu una faida kuliko nguvu ya kupiga kelele, kwa kuwa nyumbani muziki husikilizwa kwa sauti ya wastani au ya chini kwa muda mrefu zaidi.

Ubora wa sauti

Wapitiaji wengi wa mwaka 2018 waliisifu HomePod kwa besi yake nzito kulingana na umbo lake, na kwa kusikika vilevile karibu kila mahali chumbani. Sifa hizo hazikuwa za wote. Shirika la kutetea wanunuzi la Marekani, Consumer Reports, liliipa alama ya vizuri sana, lakini likaziweka mbele yake Google Home Max, iliyouzwa dola 399, na Sonos One, iliyouzwa dola 199.

Tofauti hizo zinaonyesha ugumu wa kupima sauti. Anayependa besi huiona spika hii kuwa na uhai. Anayetaka sauti ilivyorekodiwa bila nyongeza huiona imetiwa chumvi. Katika mipangilio ya spika kuna chaguo la kupunguza besi, lakini hakuna vidhibiti kamili vya besi na sauti nyembamba kama vilivyo kwenye redio nyingi.

Aidha, HomePod moja ni chanzo kimoja cha sauti. Haiwezi kumweka mpiga gitaa kushoto na mwimbaji kulia kwa uwazi wa spika mbili zilizotenganishwa. Tangu Mei 2018 inawezekana kuunganisha HomePod mbili ziwe jozi, lakini gharama huongezeka maradufu, yaani dola 598 kwa kizazi cha pili. Kizazi cha kwanza hakiwezi kufanya jozi na kizazi cha pili, wala HomePod kubwa na HomePod mini.

Masharti ya matumizi

Sharti la kwanza ni simu. HomePod haiwezi kuwashwa na kupangwa kwa mara ya kwanza bila iPhone au iPad. Nyumba yenye simu za Android pekee haiwezi kuitumia.

Sharti la pili ni intaneti. Muziki wa Apple Music katika ubora wa kilobiti 256 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 115 kwa saa. Nyumba inayosikiliza saa nne kila siku itatumia karibu gigabaiti 14 kwa mwezi. Penye intaneti isiyo na kikomo kiasi hicho hakina uzito, lakini kwa anayenunua kifurushi cha data ni gharama ya kudumu. Huduma ya muziki nayo hulipiwa. Apple Music iliingia Tanzania na Rwanda katika upanuzi wa Aprili 2020. Muziki uliohifadhiwa ndani ya iPhone unaweza kurushwa kwenye spika kwa njia ya AirPlay.

Sharti la tatu ni umeme. HomePod haina betri, hivyo umeme ukikatika hunyamaza. Kwa ulinganisho, sabufa za bei nafuu zinazopatikana Afrika Mashariki mara nyingi huwa na Bluetooth, tundu la waya, nafasi ya flashi na redio ya FM. Hazifikii ufundi wa HomePod, lakini hupokea muziki kutoka karibu kila chombo. HomePod haina redio ya FM. Stesheni za redio huzipata kupitia intaneti.

Sharti la nne ni lugha. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha za Siri. Bibi au mtoto asiyejua lugha mojawapo inayokubaliwa atabaki na kugusa sehemu ya juu ili kusimamisha, kuendeleza, kuongeza au kupunguza sauti.

Faragha

Spika inayosubiri kuitwa haina budi kuwa na maikrofoni zilizo wazi muda wote. Apple hueleza kwamba HomePod huanza kutuma maneno baada tu ya kusikia mwito wa Siri. Hata hivyo, mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba wafanyakazi wa mkataba walikuwa wakisikiliza baadhi ya maneno yaliyorekodiwa na Siri katika vifaa mbalimbali, yakiwemo yaliyonaswa kwa bahati mbaya. Apple iliomba radhi na kuifanya kazi hiyo itegemee idhini ya mtumiaji. Usikilizaji wa mwito unaweza kuzimwa kwa amri au kupitia programu ya simu, lakini spika haina swichi ya kuzima maikrofoni kwa kidole.

Kasoro za kutumika

Wiki ya kwanza ya mauzo baadhi ya wanunuzi walikuta duara jeupe juu ya meza za mbao zilizopakwa mafuta au nta. Chanzo kilikuwa kitako cha silikoni kinachozuia mtetemo. Apple ilieleza kuwa alama hizo hufifia baada ya siku kadhaa au kwa kupangusa kwa kitambaa. Kitambaa au mkeka mdogo chini ya spika huzuia tatizo hilo.

Uhai wa kifaa ni suala kubwa zaidi. Spika ya waya hufanya kazi maadamu sehemu zake ni nzima. HomePod hutegemea pia programu, huduma ya muziki na uamuzi wa mtengenezaji. Kizazi cha kwanza kiliendelea kupokea masasisho baada ya kuondolewa sokoni, lakini siku masasisho yatakapokoma hakuna tundu la waya la kuigeuza iwe spika ya kawaida. Katika hili iPod Hi-Fi ya mwaka 2006, iliyodumu sokoni kwa mwaka mmoja na nusu tu, ina nafuu: ikiwa nzima bado inaweza kupokea waya.

Namna ya kuitathmini

Ulinganisho wa haki huanza kwa kusawazisha kiwango cha sauti cha spika zinazoshindanishwa, kwa sababu sikio huwa na tabia ya kuipendelea inayolia kwa nguvu zaidi hata kama si bora. Nyimbo za majaribio ziwe zile ambazo msikilizaji anazijua vizuri, na iwemo pia sauti ya mtu anayesoma habari, kwa kuwa besi iliyozidi huonekana haraka kwenye maneno. Spika isikilizwe kwa sauti ya chini, si ya juu pekee, na msikilizaji asogee kutoka kwenye kiti hadi jikoni au mlangoni.

Baada ya sikio hufuata hesabu: bei ya spika, ada ya muziki kwa mwezi, gharama ya data, na simu inayohitajika. Kwa nyumba ambayo tayari ina iPhone, intaneti ya kudumu na umeme wa uhakika, HomePod huleta sauti kubwa na safi kutoka kwenye chombo kidogo bila usumbufu wa nyaya. Kwa nyumba inayopaswa kununua vyote hivyo kwanza, bei iliyoandikwa kwenye sanduku ni sehemu tu ya gharama, na spika yenye tundu la waya na Bluetooth huweza kutumikia watu wengi zaidi wa nyumba hiyo kwa fedha kidogo.