Kushambulia au Kulinda Lango: Historia ya Mjadala wa Mashabiki wa Kandanda kutoka Sigi hadi Mkwakwani

Katika kandanda ya Kimarekani, timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na mchezo husimama baada ya kila jaribio. Shabiki wa mchezo huo hupata nafasi ya kuuliza, jaribio baada ya jaribio, kama kocha aliamua vyema. Kandanda inayochezwa Tanzania haina vituo hivyo. Uamuzi wa kupiga mpira mrefu, kupasiana au kurudi nyuma hufanywa mchezo ukiendelea, na shabiki huujadili baadaye kwa kutegemea kumbukumbu. Makala haya yanachunguza historia ya mjadala huo katika Usambara ya Mashariki na mkoa wa Tanga kwa jumla. Hoja inayojengwa ni kwamba kilichobadilisha mjadala huo si kuongezeka kwa akili za mashabiki, bali ni aina ya ushahidi uliowafikia.

Sigi iko wilayani Muheza, chini ya misitu ya Amani. Ilikuwa kituo cha mwisho cha tawi la reli lililotoka Tengeni, ambalo Wajerumani walilijenga kwa ajili ya kusafirisha mbao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba ya mkuu wa kituo hicho sasa hupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Kwa historia ya kandanda, umuhimu wa mahali kama Sigi ni umbali wake kutoka uwanjani. Coastal Union, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kujulikana kwa jina la Wagosi wa Kaya, ilikuwa na makao yake mjini Tanga. Aliyetaka kuitazama katika uwanja wa Mkwakwani alilazimika kushuka mlima. Asiyeweza kushuka alisubiri simulizi za waliorudi.

Lugha ya simulizi hizo ilikuwa na msingi wake katika ukoloni wa Kiingereza. Kandanda ya wakati huo ilipangwa kwa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, na namba za jezi zilifuata mpangilio huo, kuanzia 1 kwa kipa hadi 11 kwa winga wa kushoto. Mpangilio wenyewe ulipitwa na wakati, hasa baada ya Brazil kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 kwa mfumo wa 4-2-4. Namba, hata hivyo, zilibaki midomoni. Mpaka leo shabiki wa Tanzania humwita kiungo mkabaji namba 6 na mshambuliaji wa kati namba 9, hata kama jezi ya mchezaji huyo ina namba 27. Hivyo shabiki alikuwa na istilahi za kuchambua majukumu uwanjani muda mrefu kabla ya kuwapo kwa wachambuzi wa televisheni.

Redio ndiyo iliyopunguza umbali. Kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary waliufikisha mchezo milimani. Lakini mtangazaji wa redio huufuata mpira. Hamwelezi msikilizaji beki wa pembeni amesimama wapi wakati mpira uko upande wa pili, wala pengo lililoachwa kati ya viungo na washambuliaji. Kwa sababu hiyo, mjadala wa wasikilizaji ulielekea zaidi kwa watu: nani alikosa bao, nani alichoka, nani aingizwe. Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, sehemu kubwa ya furaha ya vijijini ilipokelewa kwa masikio.

Hali hiyo ilibadilika kwa hatua. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na kuanzia mwaka 2013 Azam ilirusha mechi za ligi kuu. Shabiki wa mbali sasa aliona umbo la timu nzima, na akaona bao likirudiwa. Maswali yakahamia kwenye mbinu: kwa nini timu imerudi nyuma yote, kwa nini krosi zinapigwa wakati namba 9 yuko peke yake, kwa nini pasi fupi zinachezwa karibu na lango letu.

Mfano ulio wazi ni wa Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2018/19. Katika hatua ya makundi ilishinda mechi zote tatu za nyumbani kwa jumla ya mabao 6 kwa 1, ikapoteza zote tatu za ugenini kwa jumla ya mabao 12 kwa 0. Mbele ya takwimu hizo, hoja ya mchezaji mmoja kukosa juhudi haikutosha tena. Swali lilikuwa kama timu inayoshambulia kwa wingi nyumbani inapaswa kucheza vivyo hivyo ugenini.

Mwaka 2024 swali kama hilo lilifika Tanga kwa sura ya kinyume. Coastal Union ilimaliza ligi ya 2023/24 katika nafasi ya nne, huku kipa wake, Ley Matampi, akiwa miongoni mwa nguzo zake. Nafasi hiyo iliirudisha katika mashindano ya Afrika. Huko ilitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola bila kufunga hata bao moja, na kocha David Ouma akaondoka. Ulinzi uliokuwa sababu ya sifa mwezi Mei uligeuka kuwa sababu ya lawama mwezi Agosti.

Kisa hicho kinaonyesha mipaka ya ushahidi wa macho. Matokeo humfanya shabiki auhukumu uamuzi wa jana kwa elimu ya leo, na picha inayorudiwa haimponyi udhaifu huo. Aliyesikiliza redio Sigi na anayetazama televisheni leo wanatofautiana katika kile wanachokijua kuhusu uwanja. Hawatofautiani katika haki ya kuuliza, kwa kuwa timu inayoshindwa ni yao wote.