Msafiri na Bastola Yake

Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Wahenga waliosema hivyo walitazama njia, wala hawakutazama nguo za mpitaji. Mtu akiwa kwake ana kuta, ana mlango, ana jirani wa kumwitikia akipiga yowe. Njiani hana hata kimoja katika hivyo. Kwa ajili hii sheria za mataifa mengi zimempa msafiri nafuu ambazo mkaazi hapewi. Katika historia ya Marekani, nafuu mojawapo ilikuwa ruhusa ya kuchukua bastola ndogo iliyofichwa. Ruhusa hiyo ilianza ikiwa nyembamba, ikapanuka mpaka ikaimeza sheria iliyoizaa. Na sababu ni kwamba swali moja halikupata jibu: msafiri ni nani?

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko Marekani. Katika karne ya 18 njia za Uingereza zilikuwa na wanyang'anyi waliopanda farasi, na nyika ya Hounslow, magharibi ya London, ilivuma kwa ubaya wao. Mpanda farasi alichukua bastola mbili kubwa katika ala za ngozi zilizofungwa mbele ya tandiko. Aliyesafiri ndani ya gari la farasi hakuwa na tandiko, na bastola kubwa ilimsumbua katika nafasi ile finyu. Basi mafundi wakamtengenezea bastola fupi ya kutiwa mfukoni mwa koti, na nyingine ndogo zaidi iliyoweza kukaa ndani ya kifuko cha manyoya ambamo wanawake walipasha mikono yao moto. Hata magari ya barua, yalipoanza safari zake baina ya Bristol na London katika mwaka wa 1784, yalikuwa na mlinzi mwenye silaha.

Tangu hapo msafiri alikuwa na mahali patatu pa kuchagua. Silaha iliyo tandikoni ilishikika upesi, lakini kila mtu aliiona. Iliyo mfukoni haikuonekana, lakini iliweza kunasa nguoni wakati wa haja, au kulia pasipo kutakwa. Iliyo ndani ya mizigo ilikuwa salama kwa wote, na kwa mnyang'anyi pia, kwani mwenyewe hakuiwahi. Mwandishi Horace Walpole alijua ubaya wa silaha iliyo tayari mno. Aliposimamishwa na wanyang'anyi katika Hyde Park mwaka wa 1749, bastola ya mmoja wao ililia kwa bahati mbaya, na risasi ikamkwaruza usoni. Mnyang'anyi alitaka mali. Bastola nusura imfanye mwuaji.

Marekani ilirithi bastola hiyo pamoja na hofu iliyoizaa. Lakini majimbo yake mapya yaliona jambo ambalo wasafiri hawakulifikiri: silaha iliyokusudiwa njia ilikuwa imeingia mjini, ikakaa mifukoni mwa watu katika vilabu vya pombe, katika michezo ya kamari na katika magomvi ya siasa. Wengi wakati ule waliona kuwa anayeichukua silaha yake wazi humwonya mwenziwe, na anayeificha humvizia. Katika mwaka wa 1813 jimbo la Kentucky lilikataza kuficha bastola ya mfukoni, jambia au upanga wa ndani ya fimbo, illa kwa mtu aliye safarini. Indiana ilifuata katika mwaka wa 1820, nayo ikawatoa wasafiri katika katazo. Mpaka ukawa umechorwa: njiani ruhusa, mjini marufuku.

Kwamba mpaka huo haukutosha, ulimwengu ulionyeshwa usiku wa tarehe 14 Aprili 1865. Bastola iliyomwua Rais Abraham Lincoln ilikuwa kazi ya Henry Deringer, fundi wa Philadelphia, yenye risasi moja tu, ndogo hata kuenea kiganjani. Haikutumiwa porini wala njia panda. Ilitolewa ndani ya ukumbi wa michezo, mji mkuu wa nchi, nyuma ya mtu aliyekaa akitazama tamthilia pamoja na mkewe.

Katika mwaka wa 1871, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Texas ilitunga sheria kali kuliko nyingi zilizotangulia. Ilikataza kuchukua bastola mwilini, ila kwa nafasi chache zilizotajwa. Msafiri alikumbukwa tena, lakini kwa maneno ya hadhari: aliruhusiwa kuwa na silaha pamoja na mizigo yake. Mahakama Kuu ya jimbo iliithibitisha sheria hiyo katika mwaka wa 1872. Hapa sheria haikusema tu nani achukue. Ilisema pia wapi aweke. Kati ya mahali patatu pa zamani, ilichagua pale palipompa mtu nafasi ya kufikiri kabla ya kutenda.

Walakini Texas haikueleza msafiri ni nani, na mahakama zake zilihangaika na neno hilo kwa zaidi ya miaka mia. Je, ni avukaye mpaka wa kaunti? Ni alalaye njiani? Je, akitua mjini kwa mazungumzo, safari yake imekatika? Wanazuoni wa fikihi walikwisha kuona mapema kwamba nafuu isiyo na kipimo haina mwisho. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea Pwani ya Afrika ya Mashariki, mtu hafupishi sala mpaka safari yake ifikie marhala mbili. Kipimo chaweza kubishaniwa, lakini kipo. Texas ilitoa nafuu, ikaacha kipimo.

Udhaifu huo haukudhuru sana maadamu safari ilikuwa jambo la nadra. Katika mwaka wa 1908 mambo mawili yalitokea Marekani: Ford ilianza kuunda gari lake la Model T, na Colt ikatoa bastola iliyobuniwa na John Browning, bapa, yenye urefu wa kama sentimita 11, ya kutiwa katika mfuko wa kizibao. Viwanda hivyo havikushauriana, ila kazi zao zilikutana. Gari lilimfanya mwenda sokoni kuwa msafiri kila siku, na bastola ikawa nyepesi kiasi cha kusahauliwa mfukoni.

Ndani ya gari swali la mahali likarudi kwa sura mpya. Bastola ya kiunoni humbana aliyeketi, na tangu mwaka wa 1968, magari mapya ya Marekani yalipolazimishwa kuwa na mikanda ya usalama, mkanda hupita juu yake. Ya mfukoni hulaliwa na paja. Iliyo chini ya kiti huteleza breki zikifungwa ghafula, na mtoto wa kiti cha nyuma huiona kabla ya baba yake. Iliyo katika kisanduku cha dashibodi hukaa jirani na hati za gari, ambazo askari akimsimamisha dereva huziomba kwanza. Sheria ya taifa ya mwaka wa 1986, inayomlinda avukaye majimbo, ilishika hekima ya mizigo: bastola isiwe na risasi, isifikiwe na mkono, na gari lisilo na buti iwe katika kasha lililofungwa, si katika kisanduku cha dashibodi.

Texas ilikwenda njia nyingine. Katika mwaka wa 2005 ilitunga sheria ya kumdhania kuwa msafiri dereva wa gari la binafsi asiye na kosa jingine. Na baadhi ya waendesha mashtaka walipoendelea kubisha, mwaka wa 2007 ikaruhusu bastola ndani ya gari la mtu mwenyewe, mradi isionekane. Neno lililosumbua mahakama tangu mwaka wa 1871 halikufasiriwa; halikuhitajiwa tena. Mwaka wa 2021 watu wengi waliruhusiwa kuchukua bastola hata nje ya gari pasipo leseni.

Gharama yake imeonekana mahali pasipotazamiwa. Mwenye bastola hushuka garini aingiapo shule, mahakama au mahali pengine alipokatazwa, akaiacha. Katika miji mingi ya Marekani magari yamekuwa mahali pakubwa pa kuibiwa silaha, na silaha iliyoibwa haimwendei msafiri. Hivyo kinga ya njiani imekuwa chombo cha mnyang'anyi, yule yule ambaye kwa hofu yake bastola ya mfukoni ilibuniwa. Waliotunga sheria ya mwaka wa 1871 hawakujua gari. Lakini walijua kwamba nafuu ya safari hukoma safari ikomapo, na kwamba silaha ya msafiri haina budi kuwa na mahali pake, na mtu wa kuiangalia.