Sami-sami, Waya na Mnara: Mapatano ya Njia ya Tabora

Neno simu, ambalo leo hutamkwa katika soko la Tabora kutwa kucha, lilitufikia kutoka lugha ya Kiajemi, ambako sim ni fedha na pia ni waya. Na ingawa waya umekwisha kutoweka machoni petu, hata sauti ya mtu aliye Muscat humfikia nduguye wa Kwihara pasipo uzi wowote unaoonekana baina yao, jina lake limebaki vinywani mwetu kama jina la marehemu libakiavyo juu ya nyumba aliyoijenga. Mara nyingi nimeulizwa na watu wenye akili timamu kwa nini simu nzuri, mpya, yenye thamani kubwa, iliyoletwa na jamaa kutoka ng'ambo, ikifika kwetu huweza kuwa bubu, ilhali kitochi kilichonunuliwa kwa bei hafifu kando ya stesheni husema bila taabu. Jawabu la swali hili nimeliona katika historia ya njia ya misafara kabla sijaliona katika vitabu vya mafundi.

Katika karne ya 19 waya ulikuwa mali. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, nchi ya Tabora, na kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji, ulichukua nguo za merikani na kaniki, shanga za rangi nyingi, na mizunguko ya waya wa shaba ya manjano; na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyejifunza hesabu hii kwa wafanyabiashara wa Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871, aliandika ya kuwa shanga zilisimama mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha, na waya, kwa watu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mahali pa dhahabu. Lakini shanga ndizo zilizomtia msafiri katika mtihani. Unyamwezi walitaka nyekundu, zile zilizoitwa sami-sami, wakazikataa nyingine. Shanga nyeusi zilipita Ugogo na hazikuwa na maana kwingineko. Zile kubwa mfano wa mayai, sungomaji, zilipendwa Ujiji na Uguha na kudharauliwa penginepo. Nyeupe zilipokewa Ufipa na baadhi ya Usagara na Ugogo, lakini aliyezipeleka Ukonongo alirudi nazo. Kwa hiyo kiongozi wa msafara alilazimika kukisia, kabla hajatoka pwani, atakaa siku ngapi katika kila nchi, maana mpagazi aliyebeba frasila mbili za shanga zisizotakiwa alibeba kokoto, na wenzake wangeweza kulala njaa mbele ya ghala lililojaa mtama.

Shanga hizo hazikuwa na kasoro. Zilikuwa zile zile, za kiwanda kile kile, na thamani yake haikukaa ndani ya kioo, bali katika maafikiano ya watu wa mahali. Hivi ndivyo ilivyo simu. Chombo peke yake hakina mawasiliano ndani yake. Kina uwezo wa kuingia katika mapatano fulani, na kikifika mahali ambapo mapatano hayo hayakufanywa, huwa ushanga mweusi uliofikishwa Tabora.

Jinsi habari zilivyokwenda polepole katika njia ile, mfano mmoja watosha. Mfuko wa barua za mmisionari David Livingstone, ulioandikwa Unguja tarehe 1 Novemba 1870, Stanley aliukuta umelala Unyanyembe, akauchukua yeye mwenyewe, na mwenye barua akazipokea Ujiji mnamo Novemba 1871, mwaka mzima tangu zilipofungwa. Miaka minane baadaye, yaani mwaka 1879, waya wa chini ya bahari wa kampuni ya Eastern and South African Telegraph ulifika Unguja, na habari za London zikawa za saa chache. Wajerumani, walipokwisha kuitawala nchi, waliusimamisha waya wao juu ya nguzo kufuata njia ya misafara, ukafika Tabora kabla ya garimoshi. Na waya mwingine, ule ambao tajiri Mwingereza Cecil Rhodes alitamani uende kutoka Rasi ya Tumaini Jema hata Misri, na ambao kwa ajili yake alikwenda Berlin mwaka 1899 kuomba ruhusa ya kuupitisha katika nchi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, ulipanda kandokando ya Ziwa Tanganyika ukakoma Ujiji.

Yafaa ikumbukwe ya kwamba waya hizo ziliweza kupokezana habari kwa sababu mataifa yalikuwa yamekwisha kukutana Paris mwaka 1865, yakaunda umoja wa telegrafu na kukubaliana juu ya alama na ada. Umoja huo haukufa. Ndio uliokua ukawa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambao leo umeigawa dunia katika mikoa mitatu ya mawimbi ya hewani, Afrika na Ulaya zikiwa katika mkoa wa kwanza na nchi za Amerika katika mkoa wa pili. Na katika mgawanyo huu ndimo ilimo nusu ya jawabu la yule aliyeletewa simu bubu.

Reli nayo ilitufundisha somo hilo hilo kwa chuma. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970, ina milimita 1,067. Tofauti ni ndogo kuliko upana wa kiganja, lakini kwa ajili yake behewa la Tabora haliwezi kuteremka Mbeya, na ilibidi mwaka 1998 pafunguliwe kituo Kidatu ambapo mizigo huhamishwa kutoka reli moja hata nyingine. Sasa inajengwa reli ya milimita 1,435 kuelekea Tabora, na ile ya zamani ingali ikifanya kazi. Anayeelewa Kidatu amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya elimu ya simu za mkononi.

Simu za namna hii zilianza katika nchi yetu mwaka 1994, Dar es Salaam, chini ya Mobitel, kwa mfumo wa analojia, ambao ndani yake kila mazungumzo yalishika njia yake pekee hewani tangu mwanzo hata mwisho, na mwenye redio ya kutafuta mawimbi aliweza kuyasikia. Huko Ulaya, hata hivyo, jambo kubwa lilikuwa limekwisha kutendeka. Mnamo Septemba 1987, huko Copenhagen, wenye mamlaka ya simu wa nchi 13 walitia sahihi ahadi ya kujenga mfumo mmoja, ule uitwao GSM, na tarehe 1 Julai 1991 ukazungumzwa kwa mara ya kwanza nchini Finland. Katika mfumo huo wazungumzaji wanane hutumia wimbi moja kwa zamu, kila mmoja akipewa sehemu ndogo mno ya nukta, mfano wa wapagazi waendao mmoja nyuma ya mwenzake katika kijia chembamba bila kugongana. Fauka ya hayo, waliobuni GSM walitenga mtu na chombo: haki ya mtu na namba yake viliwekwa katika kadi ndogo, ile tuiitayo laini, hata mtu akaweza kuitoa na kuitia katika chombo kingine bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Naona hilo ndilo jambo la hekima kuliko yote katika historia hii, kwani ndilo lililomwezesha maskini kuwa na namba kabla hajawa na simu.

Vodacom walipokuja mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001 walikuja na GSM. Lakini TTCL, mrithi wa shirika la posta na simu, walipotaka kueneza simu zao zisizo na waya walichagua CDMA, na Sasatel wakafuata mkondo huo. Katika CDMA watu husema wote kwa pamoja juu ya wimbi moja, kila mmoja kwa msimbo wake, kama wageni katika tembe la Kazeh, ndiyo Tabora ya kale, ambamo Mmanyema, Mwarabu, Mnyamwezi na Mhindi waliweza kusema saa ile ile, na sikio la kila mtu likaokota lugha yake tu. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu. Wala si haki kusema ya kuwa ulishindwa kwa ubovu. Ulishindwa kwa upweke. Simu ya CDMA haikuelewa mnara wa GSM, wala simu ya GSM mnara wa CDMA, na katika nchi ambayo wengi walikwisha kushika sami-sami, aliyeshika rangi nyingine alibaki na mzigo wake.

Hata ndani ya GSM yenyewe palikuwa na rangi. Afrika na Ulaya zilitumia mawimbi ya megahezi 900 na 1800. Marekani ilitumia 850 na 1900. Basi simu iliyotengenezwa kwa ajili ya huko tu ilifika Tabora ikasikiliza, isisikie kitu, ikanyamaza. Nyingine zilifungwa kwa kufuli ya kampuni iliyoziuza, zikaikataa laini ya kampuni nyingine ingawa mawimbi yaliafikiana, hata mafundi wakapata riziki ya kuzifungua. Simu janja za leo zina masikio mengi, na taabu hiyo imepungua. Lakini haijaisha, kwa sababu 4G ina mawimbi mengi kuliko yote yaliyotangulia, nao watengenezaji huchagua ni yapi watakayoyatia katika chombo cha soko lipi. 4G huipasua habari vipande vingi na kuvipeleka sambamba katika njia nyembamba nyingi, kama mali ya tajiri ilivyogawanywa katika migongo mia ya Wanyamwezi. Ila simu ambayo haikuwezeshwa kuchukua sauti kwa njia hiyo, ikipigiwa, hushuka kwanza katika mtandao wa zamani.

Kwetu msitu nao una neno. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa karibu sentimita 33, na la 2100 lina sentimita 14 tu. Refu hupenya miombo na kwenda mbali, fupi hubeba mengi na kuchoka upesi. Mnara wa GSM kwa kawaida huweza kumhudumia mtu aliye umbali wa kilomita 35, mpaka uliowekwa na hesabu ya zamu zenyewe, kwani sauti ya aliye mbali zaidi huchelewa ikaingia katika zamu ya mwenziwe. Ndiyo sababu mtu wa mjini Tabora huona alama ya 4G kiooni mwake, naye aliye ndani ya wilaya ya Sikonge, akiwa na simu ile ile, huona nyingine.

Serikali nayo ililazimika kusimama langoni. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia, zile zenye namba za utambulisho zisizo sahihi, baada ya kuwataka watu wabonyeze *#06# na kuituma namba waliyoiona kwenda 15090. Nakiri ilikuwa haki, maana chombo kisichojulikana asili yake humdhulumu mnunuzi. Lakini waliokuwa nazo wengi walikuwa watu wa kipato kidogo, ambao hawakuwa na njia ya kujua ushanga upi ni wa kweli.

Nako Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G yake mwaka 2017 na 3G mwaka 2022, na simu zilizosema lugha hizo tu zikanyamaza katika mtandao wake siku moja. Huku kwetu mapatano ya Copenhagen yangali hai. Mrina asali aliye kambini katika miombo ya Sikonge, akiwa na kitochi chenye chaji ya siku nne, hupanda juu ya kichuguu kutafuta mawimbi, hubonyeza nyota na tarakimu chache, na karo ya mtoto wake hufika Tabora mjini kabla hajateremka.