Nani Ananitaja? Historia ya Madokezo Yanayoelekezana

Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1998, aliacha makabati yaliyojaa vikaratasi takriban 90,000. Alianza kuviandika mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kutoka humo akatunga makumi ya vitabu na mamia ya makala. Kila kikaratasi kilikuwa na namba. Tuseme wazo jipya limetokana na 57/12: lilipewa 57/12a, na lililofuata kutoka hilo likawa 57/12a1, hivyo wazo liliweza kupenyezwa popote bila kuvuruga namba za mengine. Alipotaka kulihusisha na lililoko droo ya mbali, aliandika namba ya kile cha mbali, basi.

Hapo palikuwa na upungufu mmoja, na kwa maoni yangu historia ya zana za madokezo tangu wakati huo ni historia ya kuuziba. Kikaratasi cha kwanza kinakitaja cha pili, lakini cha pili hakina habari. Ili kipate habari, lazima mwenyewe akitafute, akichomoe, aandike namba ya kurudi kwa mkono wake.

Mmarekani Ted Nelson aliliona tatizo hilo mapema. Katika miaka ya 1960 alianza kueleza jinsi kompyuta itakavyounganisha maandishi, na katika mradi wake wa Xanadu akashikilia kwamba kiungo lazima kionekane pande zote mbili. Xanadu haikuenea. Kilichoenea ni wavuti wa Tim Berners-Lee, uliopendekezwa mwaka 1989 akiwa CERN, Geneva, na viungo vyake huelekea upande mmoja tu. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani kama kila kiungo kingehitaji kusajiliwa pande zote, ingebidi pawe na msimamizi wa dunia nzima. Gharama yake tunailipa kila tunapobofya na kuambiwa ukurasa haupo.

Tarehe 25 Machi 1995 Ward Cunningham alizindua wiki ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri. Ndani yake, ukiandika maneno mawili yaliyoshikana, kila moja likianza kwa herufi kubwa, umeshatengeneza kiungo. Kama ukurasa haukuwepo, ilijitokeza alama ya kuuliza, ukaibofya ukauandika. Na ukibofya kichwa cha ukurasa wenyewe, uliorodheshewa kurasa zote zinazoutaja. Lakini wiki iliishi kwenye seva. Mtu aliyetaka madokezo yake yakae katika mafaili yake, katika kompyuta yake, yakiwa maandishi matupu ambayo programu yoyote inaweza kuyafungua hata miaka thelathini ijayo, ilimbidi atazame kwingine: kwenye vihariri vya waandishi wa programu.

Kimojawapo ni Vim, kilichotolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi ya maji na usafi wa mazingira katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Programu yake aliitoa bure, akawaomba wanaoitumia wachangie watoto wa Uganda, na kwa miaka mingi ombi hilo lilimpokea kila aliyefungua Vim bila faili. Alifariki Agosti 2023. Sijui programu nyingine iliyotaja nchi ya Afrika Mashariki mbele ya macho mengi namna hiyo, na inastahili kukumbukwa.

Mwongozo wa Vim wenyewe ni madokezo yaliyounganishwa. Ni mafaili ya maandishi matupu. Neno lililowekwa kati ya vistari viwili vya wima ni kiungo. Neno hilohilo likiwa kati ya nyota mbili ndipo mahali linapoelezwa. Weka kielekezi juu ya kiungo, bonyeza Ctrl na mabano mraba ya kufunga, unaruka. Bonyeza Ctrl na T, unarudi. Siri yote iko kwenye faili moja liitwalo tags, ambalo kila mstari wake unabeba neno, jina la faili na jinsi ya kulipata neno humo. Mbinu hiyo ilibuniwa na watu wa mfumo wa Unix waliotaka kuruka kutoka jina linapotumika katika programu hadi linapofafanuliwa. Ila nayo ilikwenda upande mmoja. Kujua nani anakutaja, ulipekua mafaili yote kwa amri ya kutafuta iitwayo grep.

Mwaka 2003 mwanaastronomia Carsten Dominik alianzisha Org ndani ya kihariri cha Emacs. Mwaka uliofuata John Gruber akatoa Markdown. Maandishi matupu yakapata vichwa, orodha na viungo. Kilichokosekana bado ni msomaji wa kuyaangalia yote kwa pamoja.

Msomaji huyo alitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria madokezo. Juni 2016 Microsoft, pamoja na kampuni za Red Hat na Codenvy, ilitangaza itifaki ya seva za lugha. Kabla yake, vihariri 10 na lugha za programu 20 vilihitaji viunganishi 200. Kwa itifaki moja, kila upande unaandika wake mara moja, jumla 30. Kihariri kinatuma ujumbe mfupi: faili hili, mstari huu, herufi hii, jina hili limefafanuliwa wapi? Seva inajibu. Kinauliza tena: limetumika wapi kwingine? Seva inaleta orodha.

Swali hilo la pili ndilo la Nelson. Waliotengeneza seva kama Marksman na zk walitambua kwamba dokezo ni jina na kiungo ni matumizi ya jina hilo. Seva inasoma folda nzima na kuweka faharasa. Ukiandika mabano mraba mawili inakupendekezea vichwa ulivyonavyo. Kiungo kisichofika popote kinapigiwa mstari kama kosa la programu. Na kwa Marksman, ukibadilisha kichwa cha dokezo kupitia seva, kila faili linalokitaja linarekebishwa kwa mkupuo. Programu ya Obsidian, iliyotoka 2020, iliwafikishia uwezo wa aina hiyo watu wasiojua Vim wala Emacs, na mafaili yakabaki yao.

Kazi haijaisha. CommonMark, kanuni iliyotangazwa 2014 ili kusanifisha Markdown, haitambui mabano hayo mawili. Kwa hiyo zana moja inayasoma kama jina la faili, nyingine kama kichwa cha dokezo, nyingine kama namba ya utambulisho. Aya moja ndani ya dokezo nayo haina jina la kuitwa, mpaka kila programu ibandike alama yake. Anayehama kutoka zana moja kwenda nyingine anaondoka na maneno yake yote salama, lakini viungo vinaweza kukatikia njiani, na kwa aliyejenga folda kwa miaka, viungo hivyo ni nusu ya kazi yake.