Alama ya chaki begani

Rafiki yangu wa Arusha ameolewa na kijana anayeishi Kanada. Harusi ilifana, shangazi zake walicheza mpaka viatu vikavuliwa, bwana harusi akarudi zake baridini, na hapo ndipo makaratasi yalipoanza. Picha za ndoa, cheti, mishahara ya mume, vyote vilikwenda vizuri. Kisha ikaja fomu ya afya.

Miaka sita kabla ya ndoa alilazwa wiki tatu Dodoma kwa ugonjwa wa bipola. Tangu hapo anameza dawa kila usiku na kwenda kazini kila asubuhi. Mume anajua, alijua hata kabla ya kupeleka posa. Aliyeingiwa na hofu ni wifi yake, akamtumia ujumbe wa sauti: "Wifi yangu, hayo ya hospitali yaache huko huko Dodoma. Ukiyaandika umejifungia mlango kwa mkono wako."

Nilitaka kumcheka huyo wifi. Halafu nikaanza kusoma historia, na kicheko kikaisha.

Agosti 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia bandarini wahalifu, "vichaa", "mazezeta" na yeyote asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Maneno hayo si yangu, ndivyo sheria ilivyozungumza. Ona jinsi ugonjwa na umaskini vilivyowekwa kwenye kikapu kimoja tangu siku ya kwanza. Swali halikuwa "huyu anaumwa nini?" bali "nani atamlisha?"

Miaka ilivyokwenda, wakaanza kuhesabu. Sheria ya 1903 ilimkataa aliyeugua akili ndani ya miaka 5 iliyopita, au aliyeshikwa na ugonjwa huo mara 2 au zaidi maishani. Mwaka 1917 wakaikaza: mara 1 tu, wakati wowote, inatosha. Yaani binti aliyechanganyikiwa baada ya kujifungua akiwa na miaka 20, akapona, akalea watoto, akifika na miaka 45 kumfuata mumewe, kwa sheria hiyo bado ni yule yule wa zamani. Kupona hakukuwa na nafasi kwenye fomu.

Pale Ellis Island, kituo kilichofunguliwa Januari 1892 kwenye bandari ya New York, wageni walipita mbele ya madaktari kwa foleni. Daktari alimtazama mtu kwa sekunde chache tu, na akitilia shaka alimwandika kwa chaki kwenye nguo. H ilikuwa moyo, B mgongo. X ilimaanisha akili inatiliwa shaka, na X ndani ya duara kwamba dalili za ugonjwa wa akili zimeonekana. Inasimuliwa kwamba wapo waliogeuza koti nje ndani ili chaki isionekane, wakapita. Nikiusikiliza tena ujumbe wa wifi naliona lile koti.

Waliopewa X walipelekwa chumba kingine kupimwa. Daktari mmoja, Howard Knox, aliyefanya kazi pale kuanzia 1912, aligundua kwamba maswali ya kawaida hayafai kwa mtu ambaye hajawahi kushika penseli na ambaye lugha yake inapitia kwa mkalimani. Basi akatengeneza vipimo vya mbao: vipande vya kupanga mpaka uso wa mtu utokee, vijiwe vya kugonga kwa kufuata mfano. Wengine humsifu kwa hilo, na kweli aliwaokoa wengi wasihukumiwe kwa ujinga wa kutosoma. Ila mimi namfikiria mume aliyetangulia miaka 3, akalimbikiza nauli, na sasa amesimama upande wa pili wa ukuta akisubiri kama mkewe ataweza kupanga pua ya mbao mahali pake.

Je, mume huyo hakuweza kumdhamini? Hapa Kanada inatoa jibu linalouma. Sheria yake ya 1906 iliwazuia vipofu, viziwi wasiosema na wadhaifu wa mwili, lakini ikaacha upenyo: kama familia ipo na inaweka dhamana, mtu apite. Kwa mwenye ugonjwa wa akili, au aliyewahi kuugua ndani ya miaka 5, upenyo huo haukuwekwa. Familia iliaminiwa kumshika mkono kipofu. Kukaa na mgonjwa wa akili, kazi ambayo familia zimeifanya tangu dunia iumbwe, haikuaminiwa nayo.

Mlango ulifunguka polepole. Mwaka 1965 Marekani ilikubali kumsamehe mwenye historia ya ugonjwa wa akili akiwa na ndugu wa karibu huko, mume au mke akiwemo. Mwaka 1990 jina la ugonjwa peke yake likaacha kuwa sababu. Kinachotazamwa ni kama kuna tabia inayoambatana nao inayohatarisha watu, mali, au mgonjwa mwenyewe. Hayo maneno ya mwisho yasikupite, maana aliyejaribu kujiua naye anaingia humo. Kanada nayo, kwa sheria iliyoanza kutumika Juni 2002, ilisema mwenza anayedhaminiwa asikataliwe kwa hoja kwamba matibabu yake yatakuwa ghali mno. Hatari kwa usalama wa umma bado inaweza kumzuia. Gharama, hapana.

Kwa hiyo wifi amechelewa kama miaka 20 na ushee. Tena kuficha ndiko kunakofunga mlango: Kanada ikigundua umedanganya, huingii kwa miaka 5.

Tusishangilie mapema, lakini. Udhamini una makali yake. Kuanzia Oktoba 2012 hadi Aprili 2017 Kanada iliwataka baadhi ya wenza wapya waishi na mdhamini miaka 2, la sivyo ukaazi ungeweza kuondolewa. Hebu fikiria mwanamke mwenye sonona ndani ya ndoa mbaya, na mwenye ufunguo ni yule yule anayemtesa. Sheria iliweka msamaha kwa walionyanyaswa, ila ilibidi waweze kueleza na kuthibitisha, na sonona huanza kwa kuiba maneno. Upande wa Marekani, kwa sheria ya 1996, mdhamini hutia saini ahadi inayoweza kupelekwa mahakamani, na talaka haiifuti.

Na hofu ya wifi haikuzaliwa New York peke yake. Sisi wenyewe tunayo chaki yetu. Mtoto akifanya fujo Tanzania anaambiwa atapelekwa Mirembe. Nairobi anatajiwa Mathari, hospitali iliyoanza 1910. Nani atakuwa na haraka ya kuliandika jina la hospitali ambalo mtaani kwake ni tusi?

Rafiki yangu aliliandika. Tarehe ya kulazwa, tarehe ya kutoka, jina la dawa. Siku ya kupimwa alinisimulia akiwa kwenye daladala, sauti inakatika katika. Daktari alisoma fomu yote, akamtazama, akauliza kama dawa anazipata bila shida na kama analala vizuri. Akajibu ndiyo. Daktari akaandika, akafungua ukurasa unaofuata, akamwomba akunje mkono wa blauzi apimwe presha.

Majibu bado. Mume anapiga kila siku saa nne usiku, muda wa dawa.